Nta ya Kwapani

Kabla ya kuingia msituni, mzee aliye jirani wa Taimi huinama, hugusa theluji kwa mgongo wa kiganja, hunusa hewa kama mtu anayeshuku maziwa, kisha hutoa kopo la nta kwapani, anakolificha nta isigande, akapaka skii za kila mtu, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, bila kuombwa. Kijiji kizima kinateleza kwa nta yake. Maneno yake ni machache, na mengi ya hayo ni ya kukataa.

Jumapili moja Taimi alimpa mzee ajaribu skii zake mpya, fupi na pana, zenye manyoya magumu chini.

"Miiko hii," mzee alisema. "Nikasongee ugali wa shayiri?"

"Vaa kwanza, ndipo utukane."

Akavaa. Pale kilimani ambapo kila mwaka hupanda kiubavuubavu, akisimama kuhema na kusingizia kutazama ndege, safari hii alipanda moja kwa moja kati ya misonobari, manyoya yakiing'ang'ania theluji. Hakutazama ndege yeyote. Akateremka, akapanda tena.

"Vipi?" Taimi akauliza.

"Hovyo."

Akazipindua, akatoa kopo, akapitisha kidole kwenye manyoya akitafuta pa kupaka. Hapakuwapo; manyoya hayahitaji nta. Akalirudisha kopo kwapani, polepole.

"Skii zako nitakurudishia kesho."

Asubuhi yake, alama za skii fupi zilikuwa zimetoka mlangoni kwa mzee zikazama msituni. Kwenye ngazi ya Taimi hapakuwa na skii. Palikuwa na lile kopo, nta imeganda kama jiwe.