Tayarisha Shamba

Shangazi yangu Celeste hajawahi kuogopa mtu, ila tangu Jumamosi ile hajui amwogope nani.

Shamba lake la mikorosho liko njia ya Kilambo, si mbali na mto. Mumewe alipofariki, nguvu zilimwishia, akaacha palizi miaka mitatu. Pori likapanda mpaka kwenye matawi. Kwetu hiyo ni aibu kubwa, na shemeji yake, Eusebio, hakuchelewa kuisema.

"Shemeji, msimu huu ukipita bila shamba kukupa chochote, nitauomba ukoo unipe mimi."

Ndipo akatokea Faraji, mtu wa Mikindani anayetembeza wageni. Aliingia porini asubuhi moja, akatoka na majani kichwani, anacheka peke yake. Amemwona sange! Sange ni yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Sisi tangu utoto tunamjua kwa kumtega na kumbanika. Faraji akasema wapo watu wanaovuka bahari kuja kumtazama, na kila mmoja atalipa elfu thelathini kwa kuingia tu shambani.

"Wakishamtazama, halafu?" shangazi akauliza.

"Basi, mama. Wanamtazama."

Hakuelewa hata kidogo, lakini alikubali. Eusebio angekosa la kusema.

Wiki mbili baadaye Faraji akapiga simu. "Mama, tayarisha shamba. Wageni wanne wanakuja Jumamosi."

Sasa muulize mkulima yeyote wa huku kwetu, kutayarisha shamba ni nini. Ni kufyeka, kukusanya, kuchoma, na kufagia chini ya mikorosho mpaka sindano ikianguka unaiona. Faraji wa mjini alikuwa anawaza benchi na chai. Shangazi akauza mbuzi, akamwita Danieli, kibarua wa kijijini, na wenzake, wakafyeka siku tatu. Na mimi nilifyeka, sijitoi. Tena nilijivuna, Mungu anisamehe. Sange waliokimbia moto, Danieli aliwadaka sita.

Jumamosi wageni walishuka na darubini shingoni, wakasimama. Mbele yao palikuwa peupe pe, na mikorosho imejipanga kama wanafunzi mstarini. Faraji alishika kichwa.

"Mama, pori liko wapi?"

"Si ulisema nitayarishe? Nimetayarisha."

"Na sange?"

Shangazi akatabasamu, akafunua sufuria. "Msihangaike kutafuta. Wapo sita, nimewaunga na nazi."

Mgeni mmoja, mama wa makamo, alianza kulia. Shangazi akamhakikishia kwamba hakutia pilipili.

Waliondoka bila kukaa. Faraji alisema, kwa sauti ya msibani, kwamba pori likirudi huenda na sange watarudi, labda baada ya miaka mitatu mingine.

Alasiri Eusebio akapita. Alizunguka shamba lote, mikono nyuma, akipiga mikorosho vikofi. Nilijua anatafuta kasoro, na hakuiona.

"Shemeji, hili sasa ni shamba," akasema. "Sina neno tena." Akampa mkono, akaenda zake.

Shangazi alikaa kando ya sufuria ambayo hakuna aliyeigusa.

"Pori lingenilipa, nimelichoma," akasema. "Shemeji alitaka kuninyang'anya, kanipa mkono. Wewe uliyesoma, hebu niambie. Leo nimepata au nimekosa?"

Wallahi sikujua, na mpaka leo sijui.

"Basi pakua," akasema. "Nazi itachacha."

Tukala sange wote sita. Shangazi alikula huku analia, na kila baada ya tonge aliniuliza tena.