Shangazi Alimwonya Mume Wangu, Wakamwita Mchawi

Admin nifichie jina, na hata majina ya humu nimeyabadilisha. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na saba, naishi Kahama, maeneo ya Nyahanga. Nimelia sana na visa vya wenzangu humu, leo naomba na mimi mnisikilize.

Mume wangu, nimuite Baba Shija, alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea wachimbaji na viroba vyao kwenda machimbo ya Geita. Ilikuwa miaka ya tisini, kila mtu anakimbilia dhahabu. Gari likiharibika alilitengeneza mwenyewe uani kwetu. Mama yake alifariki yeye bado ananyonya, akalelewa na shangazi yake, dada wa baba yake. Huyo shangazi hakujaliwa kuzaa. Mume wangu ndiye alikuwa mtoto wake, na kijumba chake kilikuwa nyuma ya nyumba yetu.

Siku hiyo giaboksi ilikuwa inasumbua. Mvua ilikuwa imenyesha, ua wote umelowa. Baba Shija akalinyanyua gari kwa jeki, akapanga tofali chini ya chesisi, halafu jeki akaitoa kwa sababu ilikuwa inavuja mafuta na kushuka yenyewe. Hakuweka gogo. Hata jiwe la kuzuia tairi hakuweka. Akatandika gunia, akaingia chini.

Shangazi akatoka kwake, akasimama akiangalia.

"Ng'wanawane," akamuita, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "toka humo. Gari zima hilo juu ya tofali? Litakulalia leo."

Baba Shija akacheka hukohuko chini. "Shangazi, kazi hii nimeianza jana? Abiria wananisubiri."

"Toka ukatafute magogo kwanza."

"Sawa, nimalizie nati hii moja."

Mimi nilikuwa mlangoni nachambua mchicha, mtoto mgongoni. Nilimuona akivuta spana kwa nguvu zote, gari likayumba. Tofali likapasuka. Gari likamshukia kifuani. Nilipiga yowe, majirani wakaja, wakalinyanyua kwa mikono, na wakati huo jeki imelala pale ukutani. Shangazi ndiye aliyemvuta miguu kumtoa. Hatukufika naye hospitali.

Kabla matanga hayajaanuliwa, mdogo wa marehemu kwa mama mwingine, shemeji yangu Masanja, alikwenda kwa mganga na wanaume wawili wa ukoo. Waliporudi wakaita kikao. Masanja akasema mbele ya watu wote, "Huyu mama alisema gari litamlalia leo. Sote tumesikia kwa Mama Shija mwenyewe. Mimi nauliza, aliijuaje siku?"

Ndugu zangu, ni kweli mimi ndiye niliyewasimulia. Niliwasimulia kwa uchungu, kwamba laiti angemsikiliza. Sikujua maneno ya mtu aliyetaka kumuokoa mwanawe yangegeuzwa hivyo.

Nilisimama, mwanamke mbele ya wazee, nikaenda uani nikaokota vipande vya tofali nikaviweka katikati yao. "Tofali hili ndilo lililomuua. Lilikuwa limelowa, likashindwa na uzito. Shangazi ameona kwa macho yake, kama ambavyo yeyote angeona."

Masanja akaniangalia kwa huruma kabisa. "Shemeji, tofali limepasuka, hatubishi. Lakini nani alilituma lipasuke yeye akiwa chini, lisipasuke akiwa ametoka kunywa maji?"

Nikaviokota vipande vyangu, wazee wakaendelea na kikao chao.

Siku iliyofuata wanaume wa ukoo walichoma kijumba cha Shangazi. Mmoja alimkata panga la mkono alipokuwa anajikinga uso. Mimi na jirani mmoja tulimfunga jeraha kwa kitenge, tukamficha kwenye ghala la pamba, kisha tukampandisha gari la kwenda Geita, na huko akaunganisha hadi Chato kwa mtoto wa dada yake. Hakulia kwa ajili ya mkono. Alikuwa anauliza tu, "Nani atalimwagia maji kaburi la mwanangu?"

Sasa sikieni kinachonitesa. Masanja si mtu mbaya kwangu. Hakunilazimisha nirithiwe, hakunifukuza. Alinilimia shamba, akamsomesha mwanangu Shija mpaka akapata kazi ya udereva. Shija anamuita baba. Na Shija naye anaamini kwamba bibi huyo ndiye aliyemuua baba yake. Kila nikimweleza ananiambia, "Mama, ulikuwa na msiba, hukuona vizuri."

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kutoka Chato. Shangazi yu hai, mzee sana, macho yamefifia. Yule ndugu aliyempokea amefariki, na sasa anahifadhiwa na mama mmoja wa kanisani. Mama huyo akaniambia, "Bibi anataka arudi kwao. Anasema anataka kulishika kaburi la kijana wake kabla hajafa."

Nikamwambia Masanja. Hakupandisha sauti. "Mlete, nyumba ni yako. Ila siku atakayoingia, mimi na wanangu hutatuona tena, hata msibani." Shija akaongeza, "Mama, chagua. Akija yeye, wajukuu zako sitawaleta hapa."

Nina wajukuu watatu. Ndio furaha niliyobaki nayo. Nikimleta Shangazi nawapoteza, na naogopa pia kuna vijana watakaomalizia kazi ya baba zao. Nikimwacha atafia ugenini kwa kosa la kusema "toka humo."

Jana yule mama wa Chato alinipigia tena. Anasema Shangazi amefunga nguo zake kwenye kanga, kila asubuhi anatoka anakaa barabarani, gari likisimama anauliza kama mimi ndiye niliyeshuka.

Wazazi wenzangu, wanangu mnaosoma, msinitukanie mwanangu, nishaurini tu. Nikampokee, au nimwache akiningoja?