Gari la marehemu lilikuwa likilia kila Bibiana akipita

Gari lilipiga kelele tukiwa katikati ya rozari.

Halikuwa na ufunguo. Halikuwa na mtu ndani. Limeegeshwa tu uani kwangu hapa Ifakara, kuku wanataga chini yake.

Ghafla: wiu! wiu! wiu! Taa zinawaka na kuzima kama macho ya mlevi anayepambana na usingizi.

Mzee Kelestini, mwenyekiti wa jumuiya yetu, alidondosha rozari yake.

"Kandida! Nani kaligusa?"

Hakuna aliyeligusa. Ila pale kwenye mlango mdogo wa ua, nyuma tu ya gari, alikuwa ndiyo anaingia Bibiana, jirani yangu wa miaka thelathini, na bakuli la mchele mkononi.

Gari lenyewe aliniachia marehemu mume wangu, Nickolaus. Kijigari cheupe, kizee kama mimi, kimefungwa alamu ya wezi ingawa hakuna mwizi aliyewahi kukitamani. Mwanangu Beatus wa Malinyi alikitilia betri mpya wakati wa mavuno, akakitumia siku mbili, akakirudisha uani, akaenda zake.

Mwanzoni nilicheka. Nikasema labda ni Nickolaus ananiita. Halafu nikakumbuka kwamba alipokuwa hai hakuwahi kuniita kwa bidii namna ile.

Siku ya tatu likalia tena. Saa sita mchana. Nachungulia, nani anaingia?

Bibiana. Na bakuli.

Wiki iliyofuata, vilevile.

Sasa niwaambie habari ya hilo bakuli. Mwaka huu maji ya Kilombero yalipanda, yakafagia mashamba ya watu kule chini, upande wa Kivukoni. Jumuiya ikaamua kila nyumba itoe debe la mpunga kwa waliokosa. Walipofika kwangu niliwaambia shamba langu nalo limekwenda na maji.

Nililia. Nalia vizuri mimi.

Basi wakanihamisha kutoka orodha ya watoaji, wakaniandika kwenye orodha ya wapokeaji. Na Bibiana, juu ya kile cha jumuiya, akawa ananiletea mchele wake mwenyewe. "Kula mwenzangu, usilale na njaa nikiwa hapa jirani."

Na mimi nikamlipa nini?

Niliwaambia wanawake pale bombani: "Ajabu jamani. Gari linalia akipita yeye tu."

Sikusema mchawi. Naapa sikulitamka hilo neno. Nililiacha pale chini, nikajua kuna mtu ataliokota.

Likaokotwa hasa!

Kwenye msiba wa nyumba ya pili, Bibiana alipika sufuria zima la wali, likarudi kama lilivyoondoka. Akina mama wakaanza kuvuta watoto wao pembeni akipita. Asubuhi moja tukakuta ukuta wake umeandikwa kwa mkaa: HAMA.

Ninyi wa mjini mtacheka. Huku kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu akishatajwa, hana muda mrefu. Na yale macho ni ya moshi wa kuni, hata mimi ninayo. Nilijua kabisa moto niliouwasha unaelekea wapi.

Nikanyamaza. Mchele wake bado nilikuwa naupokea.

Jumamosi moja Bibiana akaja uani kwangu na jumuiya nzima nyuma yake. Pembeni yake binti mmoja mwenye ovaroli na ushungi, begi la vifaa begani. Salha, fundi umeme wa magari pale karibu na stendi.

Gari likawapokea kwa wiu! wiu! Watu wakarudi nyuma hatua tatu. Bibiana hakurudi hata moja.

"Nimemleta fundi," akasema. "Nataka lipimwe mbele ya macho yenu wote. Likionekana ni mimi, nahama leo leo. Nimeshafunga mzigo."

Kweli alikuwa ameufunga. Nilikuwa nimeuona tangu asubuhi kupitia kwenye ua wa matete.

"Shikamoo bibi," Salha akaniamkia.

"Marahaba mwanangu. Usijisumbue, gari hili limekufa."

"Lingekuwa limekufa lisingelia, bibi."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao, mdomo tu.

Akachomoa king'ora kwanza, kisitutoe roho. Akafungua waya mmoja wa betri, akaweka kitaa chake kidogo cha kupimia katikati. Kikawaka. Kikasinzia. Kikawaka tena.

"Mnaona? Gari limezimwa, lakini kuna kitu humu kinakunywa umeme. Sasa natoa fyuzi moja moja. Kitaa kikizima, mwizi wetu ni huyo."

Akatoa ya taa kubwa. Kinawaka. Ya redio. Kinawaka. Ya wipa. Kinawaka.

Akatoa moja ndogo ya pembeni. Giza.

"Taa ya buti," akasema. "Waya wake umechubuka, unagusa bodi. Ukigusa, alamu inadhani mtu kafungua buti, inapiga kelele. Tufungue tuone."

Nikasogea, nikasimama mbele ya buti.

"Ufunguo wa buti ulipotea, mwanangu. Zamani sana."

"Si neno, bibi. Naking'oa kiti cha nyuma, napitia humo."

Nikafungua mlango, nikaingia, nikakikalia hicho kiti.

"Bibi, inuka basi."

"Miguu inaniuma. Halafu hiki ni kiti cha marehemu, sitaki kichezewe."

"Marehemu alikuwa dereva," Bibiana akasema polepole. "Alikaa mbele."

Watu hao, kicheko! Hata mzee Kelestini alishika mbavu. Mimi ndiye mcheshi wa mtaa, walidhani ni yale yangu ya siku zote. Akina mama wawili wakanishika makwapa, wakanitoa kama mzigo wa kuni.

Salha akavuta kiti.

Mpunga ukamwagika.

Ulimwagika sakafuni mwa gari, ukapita mlangoni, ukamiminika kwenye viatu vya mzee Kelestini. Nyuma yake panya, wakubwa, wamenenepa, wakaruka kila upande, watu nao wakaruka. Humo ndani viroba saba. Vyangu. Beatus ndiye aliyenisaidia kuvificha, maana nyumbani mwangu wageni ni wengi, lakini buti la gari bovu nani atalifungua?

Salha akainua waya mbele ya watu. Shaba tupu, alama za meno.

"Panya," akasema. "Wamefuata mpunga. Wakisikia hatua za mtu wanakurupuka, wanautikisa waya, gari linalia. Ni nani huwa anapita hapa nyuma ya gari mara kwa mara?"

Kila mtu alimjua.

Aliyekuwa anapita ni yule aliyekuja kunilisha.

Kuku wakaja, wakaanza kudonoa.

"Kandida," Bibiana akasema. Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Na ule mchele niliokuwa nakuletea?"

"Nilikula."

"Nilikoboa mbegu yangu."

Mimi nina jibu la kila kitu. Nimewahi kumjibu padri, nimewahi kumjibu hakimu wa mahakama ya mwanzo. Siku ile nilitazama chini, nikauona mpunga wangu umejaa mavi ya panya.

Bibiana hakunitukana. Alisema kitu kimoja tu: "Utapita nyumba kwa nyumba, useme kwa mdomo huohuo."

Jumuiya yetu ina nyumba kumi na nne. Nilizipita zote kwa miguu yangu hii. Ya kwanza nilijaribu kutia utani kidogo. Mwenye nyumba hakucheka, akasubiri nimalize. Kuanzia ya pili nilisema kama ilivyokuwa. Mwisho nikachukua ndoo na brashi, nikasugua lile neno ukutani kwake. Mkaa hautoki upesi.

Viroba vinne vilivyosalimika nilivigawa. Viwili kwa watu wa Kivukoni, viwili kwa Bibiana viwe mbegu. Alivipokea, akaufungua mzigo wake, akafunga mlango.

Sasa gari limenyamaza. Salha aliunga waya, akaufunga kwa utepe mweusi wa umeme, na akagoma kunitoza. Hilo nalo liliniuma.

Wewe unayesoma hapo kwenye simu yako, siku kitu chako kikilia, fungua buti lako kwanza kabla hujamtazama jirani.

Bakuli lake la mwisho bado liko kwangu, nimelifunika juu ya kabati. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Kila asubuhi nalishusha, nalifuta vumbi, nafikiri nilijaze nini, kisha nalirudisha.