Nilimfundisha Mwende Kifaransa cha Kumwangusha

Makosa ni yangu, msitafute mwingine. Sikulewa wala sikutumwa na mtu. Nilijua!

Mimi na Mwende tulikuwa ofisi moja ya kusafirisha mizigo, Athi River, na nyumba zetu Syokimau zimepakana. Nilipofanyiwa upasuaji, ni yeye alinipikia uji akaniosha mgongo. Mtu kama huyo!

Halafu bosi akatangaza: tawi la Lubumbashi, kule Kongo, linataka mtu mmoja, atakayepita mtihani wa kuongea Kifaransa. Tukaanza kusoma pamoja mezani kwangu. Mimi nilikisoma sekondari, yeye alianza juzi tu. Lakini aki, alikuwa anashika haraka! Wivu ukanikaba.

Jioni moja akaniuliza, "Sista, nikitaka kusema 'ningalijua, ningalipiga simu', nasemaje?"

"Rahisi," nikamwambia. "Kiswahili ni ngali huku na ngali huku, si ndiyo? Kifaransa pia ni hivyo. 'Si j'aurais su, j'aurais appelé.'"

Uongo! Upande wa kwanza ni "si j'avais su". Nilimtazama akirudia sentensi ile mbovu huku akitabasamu, nikamwacha aikariri hivyo. Woi!

Siku ya mtihani tuliitwa pamoja. Mwalimu, Mkongo mmoja mpole, akamuuliza Mwende: lori lilikwama njiani na mteja hakuambiwa, wewe ungalijua ungalifanya nini? Mwende akajibu bila woga, vile nilivyomfundisha.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Huyu dadangu," akasema, mkono begani mwangu, kwa fahari kabisa.

Mwalimu akanigeukia. "Haya, sema wewe."

Nikikosea, Lubumbashi imeenda. Nikipatia, Mwende atajua.

Jamani, nilipatia! "Si j'avais su, j'aurais appelé." Mkono wake ukatoka begani mwangu.

Nje akaniuliza, "Kumbe ulikuwa unajua?" Hakunitukana. Aliacha kazi, akahama, akarudi kwao Kithimani. Simu zangu hashiki.

Nilimfuata huko. Mamake akanikaribisha chai, akasema polepole, "Mwende yuko shambani. Amesema usimngoje." Nikaiacha chai mezani, nikaondoka.

Kazi nilipewa. Naondoka mwezi ujao, na sina wa kunisindikiza.

Wewe unayesoma hii, anayekuamini akikuuliza kitu, usimpotoshe, hata kama atakupita. Roho ikikataa kabisa, sema hujui. Mimi ningalisema "sijui" tu, leo Mwende angalikuwa hapa akinisaidia kufunga sanduku.