Posa yangu ilivyovunjwa na mwizi wa farasi wa kwenye filamu (Maskati, 1970)

Wakuu, assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wengine.

Hiki ni kisa changu mwenyewe, sikuhadithiwa. Chumvi ipo, lakini ni ile ya kawaida ya mchuzi.

Nimeingia kuandika baada ya kusoma ule uzi wa juzi, mlivyotukanana kurasa na kurasa kwa ajili ya tamthilia ambayo nusu yenu mmekiri hamjaitazama. Nimecheka peke yangu hapa Azaiba mpaka chai ikanipalia.

Jamani, hamjaanza nyie. Sie tuliyafanya haya bila internet.

Twende.

Mwisho wa mwaka 1970 mie nlikuwa msichana, nakaa Sidab, hapa hapa Maskati, kwa ami yangu Nassor, ndugu wa marehemu baba. Tulitoka Unguja baada ya yale ya 64. Ami ndiye walii wangu, bila yeye hakuna ndoa.

Akaja kuniposa Seif, mtoto wa Bwana Khalfan. Ni watu wa kwetu Unguja, na Seif anafanya kazi kampuni ya mafuta. Sifa yake kubwa mjini ilikuwa Kiingereza. Akikutana na mabosi wake ni yes na no mpaka unamwonea fakhari.

Mie nilimtaka. Nasema wazi, umri huu wa kuona haya nimeshaupita.

Ami alikuwa hajajibu posa, anasema anamtazama kwanza. Seif akaona amsaidie kutazama, akazialika familia zote mbili kwenye sinema ya kambi ya kampuni yao.

Televisheni Maskati hatukuwa nayo bado. Lakini kampuni ikiletewa vipindi vya televisheni ya Marekani, vimo kwenye mikebe ya filamu, wanavionesha ukutani baada ya magharibi. Siku hiyo ilikuwa episode ya western. Makauboi, farasi, vumbi.

Wanaume viti vya mbele, wanawake mikeka ya nyuma. Seif kasimama pembeni anatutafsiria kwa sauti.

Akatokea mtu ana nyota kifuani.

"Huyu ndiye sheriff wa mji," akasema Seif.

Ami akainuka kwenye kiti kwa heshima. Kasikia sharifu, mtu wa kizazi cha Mtume! Kidogo tu, yule bwana akaingia baa, akapiga glasi.

"Toba!" Ami akasema. "Sharifu anakunywa?"

"Labda ukwaju," akajibu Bwana Khalfan.

Ilichukua muda kuwaelewesha kuwa yule ni polisi tu.

Basi, sheriff kamkamata mwizi wa farasi, kamtia ndani. Mwizi kashika shavu, analalamika. Sheriff anamsikiliza. Mwisho anafungua mlango, anampa farasi wake mwenyewe, jamaa anaondoka mbio.

Seif akatafsiri: "Anasema mamake mgonjwa mahututi, anaomba akamuage, alfajiri atarudi."

Wanawake wote nyuma wakaanza kulia. Bibi yangu mzaa mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mie sikulia. Mie nimesoma skuli Unguja, Kiingereza nakisikia vizuri. Nikamgeukia Bibi nikataka kusema kitu, akaninyamazisha: "Shhh, mwache Seif atwambie."

Filamu ikakatika hapohapo, sheriff kakaa kibarazani anatazama njia. Mwisho wake uko kwenye mkebe wa pili, na mkebe wa pili umepelekwa kambi nyengine huko jangwani.

Ndipo maoni ya watazamaji yakaanza.

"Harudi yule," Bwana Khalfan akasema. "Sheriff mjinga. Na mtu akililia mamake hushika kichwa, hashiki shavu."

"Hiyo ndiyo desturi yao," akajibu Ami. "Na atarudi. Mtu ukimwamini, anakuwa mwaminifu."

"Mie ningemwacha ndani."

"Na mamake afe peke yake?"

"Afe! Si angemlea vizuri?"

Ami kamzika mamake Unguja, hata kaburi hawezi kwenda kulizuru. Akasimama, akavaa viatu.

"Bwana Khalfan, nyumba isiyo na huruma kwa mama, mie sitii mtoto wangu."

Posa ikafa pale pale, mbele ya ukuta.

Nilirudi kwenye Landrova nalia. Bibi akadhani namlilia yule mama.

Wakuu, wiki iliyofuata mji uligawanyika. Kuna Sheriff na kuna Khalfan. Watu hawaitikiani salamu msikitini. Mwuza samaki anabisha hodi, kabla hajataja bei anauliza, "Nyie hapa mnasema atarudi au harudi?" Na waliokuwa wakali zaidi ni wale ambao filamu yenyewe hawakuiona. Bwana mmoja alikuwa ameshatoa mpaka jina la ule ugonjwa wa mama.

Mie nikachoka. Nikamwambia Bibi amwite Seif, tukae watatu.

Seif akaja kakonda. Nikamuuliza mbele ya Bibi:

"Seif, yule mwizi alisema nini?"

"Mamake..."

"*Tooth*, Seif. Alisema jino linamuuma. Anakwenda kung'olewa jino."

Bibi akaacha kutafuna tambuu.

Seif akainama. "Wallahi nilishika neno mojamoja. Wale hawasemi Kiingereza cha kazini, wanasemea puani. Watu wote wananitazama, ami yako ananitazama, nikaona nijaze."

"Basi kamwambie Ami."

"Ataniona mwongo."

"Sasa hivi huna mke. Utapoteza nini zaidi?"

Akenda. Akamchukua na babake kwa nguvu, akawaketisha wazee wawili baraza moja, akasema yote. Mie nasikiliza nyuma ya pazia.

Ami akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivo mama hayupo?"

"Hayupo, Ami."

"Nimemwombea dua kila siku."

Bwana Khalfan akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia, kumbe kicheko. "Nilisema mie! Shavu!"

Ami naye kikamtoka. Wazee wakashikana mikono wanacheka, halafu wote wawili wakamgeukia Seif wakamsema mpaka adhana ya alasiri. Hakuna kinachopatanisha wazee kama kupata kijana wa kumgombeza pamoja.

Kabla Seif hajaondoka, Ami akamwambia, "Nakupa mtoto wangu, kwa sababu umekuja kukiri usilolijua. Na tangu leo, Kiingereza atatafsiri yeye."

Tulioana. Miaka arubaini na kitu, mpaka Mungu alipomchukua. Na kila barua ya Kiingereza iliyoingia nyumba ile niliisoma mie.

Lakini mji haukukubali, wakuu. Tuliwaambia ni jino, wakasema tumehongwa. Wengine walisema tumemwua mama wa watu kwa kutafuta suluhu tu. Wapo waliokufa wakiamini alikuwepo.

Nilichojifunza: kabla hujamnunia ndugu yako kwa ajili ya kitu cha ukutani, uliza kwanza nani amekutafsiria.

Haya, uwanja ni wenu. Aliyewahi kukosana na jamaa zake kwa ajili ya filamu au tamthilia, aseme. Ila aanze kwa kutwambia kama aliitazama.