Vitoto vya Papa Jikoni Kwangu

Mimi ni mtu wa ndani. Tangu niolewe hapa Bagamoyo, bahari naijua kwa harufu ya dirishani na kwa ndoo zinazoletwa jikoni. Hata mkutano wa kikundi cha kulinda fukwe nilihudhuria kwa sababu ulifanyika barazani kwangu. Ungefanyika ng'ambo ya barabara, ningesikia habari zake tu.

Tulielezwa kwamba papa wengi wa huku hawatagi mayai, wanazaa. Wanazaa wachache, tena wakishaishi miaka mingi. Jike husogea kwenye kina kifupi, karibu na mikoko, na huko ndiko nyavu za macho madogo zinakowakomba watoto. Papa wanakwisha, wakasema. Nikaitikia, nikaenda kuongeza chai.

Baadaye binti yangu akaja kujifungulia kwetu, maana uzazi wa kwanza mtu huwa kwa mama yake. Maziwa yakawa ya kusuasua. Mtoto akilia, nyumba nzima inamtazama binti yangu, naye ananitazama mimi.

Ndipo wifi yangu, dada wa mume wangu, alipoingia na ndoo.

"Vitoto vya papa, wifi. Mchemshie supu, maziwa yatamwagika."

Nikakaa na kisu. Nilipomgeuza wa kwanza, katikati ya mapezi ya kifuani nikaona kidonda cha kitovu, bado kibichi. Chumbani kwetu mjukuu wangu naye kitovu kilikuwa hakijadondoka. Nikaweka kisu chini.

"Huyu hajatimiza arobaini," nikasema.

"Nani?"

"Papa."

Wifi akacheka hadi akashika mlango. "Mtu hata Zinga hapo kijiji cha jirani hujafika, leo unawajua watoto wa baharini?"

"Zinga nilifika. Nilikwenda msibani."

"Ukarudi kabla maiti hajazikwa."

Ni kweli, lakini sikumpa nafasi ya kuifurahia. Nikamsogezea ndoo yake.

"Wameshakufa, wifi. Ukiwakataa watafufuka?"

"Hawafufuki. Ila nikiwapika, kesho utaniletea wengine."

Akajitwisha ndoo. "Haya. Mtoto akilia njaa, nitawaambia watu bibi yake alikuwa anawaonea huruma samaki."

Hilo lilinichoma, kwa sababu mtoto angelia, na watu wangeambiwa. Toka chumbani binti yangu akaita kwa sauti ya kuchoka: "Mama, mimi nina njaa. Pikeni chochote."

Nikajitanda kanga, nikaenda mwenyewe mnadani kwa samaki. Jirani aliponiona nje akauliza nani amefariki. Nilinunua samaki aina ya changu, kisha nikamwambia mchuuzi anayetuletea ndoo majumbani, wateja wakisikia, kwamba vitoto vya papa visifike tena mlangoni kwangu.

"Mama, usiponunua wewe atanunua mwingine."

"Basi kamtafute huyo mwingine. Mimi umeshanikosa."

Nilipika supu ya changu na uji wa pilipili manga, na mtoto tukamweka titini kila alipofumbua macho. Usiku ule alilia. Uliofuata pia alilia, na wifi akatimiza ahadi: mtaa mzima uliambiwa. Sikurudi nyuma. Maziwa yalikuja polepole, hata bila papa.

Wifi bado anashikilia kwamba kwa supu yake mtoto angenenepa zaidi. Namwambia ambebe kwanza, kama mgongo wake unamruhusu.