Mkoba Ulioegemea Meza

Mama Dekio alikuwa amesafisha maabara ile kwa miaka kumi na mmoja, na jicho la mtu anayekushuku alilijua. Wiki nzima Daktari, mkuu wa maabara, alimtazama kwa jicho hilo. Juu ya meza yake, ndani ya chombo kilichotolewa hewa yote, mwanga wa leza ulipaswa kunasa molekuli zilizopozwa hadi zikakaribia kusimama. Wiki hiyo zilitoroka kila siku.

Asubuhi moja walikutana mlangoni. "Mama, umegusa vioo vyangu?"

"Sivigusi. Mimi na sakafu tu."

"Basi ni shetani. Kesho nitaomba mfagizi mwingine."

Mama Dekio akachukua ndoo yake. Mtego hauonekani, mawindo hayaonekani, ila mkosaji anaonekana? Akaanza kumshuku Daktari. Akapiga deki polepole, akimchungulia kwa pembe ya jicho. Daktari akashusha mkoba wake mpya, mzito kwa vitabu, akausimamisha sakafuni na kuuegemeza kwenye meza ya leza kama alivyofanya tangu Jumatatu.

"Daktari, si ulinikataza ndoo yangu isiguse meza hiyo? Ulisema inaelea juu ya hewa, ili mtikisiko wa sakafu usiifikie."

"Ndiyo."

"Na mkoba wako umepewa ruhusa na nani?"

Daktari akautazama mkoba, akauondoa. Baada ya robo saa, doa dogo la mwanga likatokea kwenye skrini, likatulia: molekuli zilikuwa zimenaswa.

"Kesho uje kama kawaida, mama."

"Nitakuja. Ila huo mkoba nitautundika mwenyewe. Sikuamini."